Kushuka bonde la Vinschgau kwa baiskeli bila kupishana na magari: mwongozo kamili kutoka Reschen hadi Bolzano

Wifi yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga, nilimtandazia ramani mezani nikamwonyesha tutakakokwenda na baiskeli. Akaitazama ile milima, akanitazama mimi. "Wifi, magoti yangu unayajua. Huku kote tutapandaje?" Nikamwambia hatupandi. Treni na basi ndivyo vitakavyopanda, sisi kazi yetu kushuka.

Bonde lenyewe ni Vinschgau, Waitaliano wanaliita Val Venosta, kaskazini kabisa mwa Italia, mahali inapokutana na Austria na Uswisi. Mto Adige, ambao kwa Kijerumani ni Etsch, unaanzia huku mpakani na kwenda zake kilomita 410 hadi baharini. Ndio wa pili kwa urefu Italia baada ya Po. Njia ya baiskeli inaufuata tangu ukiwa kijito. Kutoka kijiji cha Reschen, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi mji wa Merano ulio kwenye mita 325, ni karibu kilomita 85. Ukiendelea hadi Bolzano unaongeza kilomita 30 za tambarare. Sehemu kubwa ni lami ya baiskeli peke yake. Panapobaki ni vijia vya mashambani ambako utapishana na trekta, na vipande vifupi vya kukatiza vijijini.

Mambo mawili kabla hatujaendelea. Saa ninazotaja ni za Kiswahili: saa mbili asubuhi, kwenye ratiba utaikuta imeandikwa 8.00. Na kila mahali pana majina mawili, kwa sababu eneo hili lilikuwa la Austria hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza na wenyeji wengi wa bondeni bado ni watu wa Kijerumani. Mals ndiyo Malles, Glurns ndiyo Glorenza, Laas ndiyo Lasa, Meran ndiyo Merano, Bozen ndiyo Bolzano. Yaandike kwenye karatasi uiweke mfukoni, yatakusaidia stesheni.

Karatasi na msimu

Anayekuja na pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa ya Schengen. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani, Austria au nchi nyingine ya Schengen hahitaji, lakini abebe kadi ya kibali pamoja na pasipoti yenyewe. Mipaka haina vizuizi vya kudumu ila ukaguzi ndani ya treni upo. Picha ya kibali kwenye simu haitoshi. Hilo tulijifunza tukiwa tumeketi kwenye benchi la stesheni ya mpakani, treni yetu ikiondoka.

Msimu ni Mei hadi Oktoba. Kabla ya hapo theluji huwa haijaisha huko juu, ingawa Merano watu wameshavaa mikono mifupi. Julai na Agosti joto la sehemu ya chini ni kali, na njia imejaa. Mimi nikiulizwa, nasema Septemba: matufaha yamewiva, hewa ni safi, na watoto wa shule wamerudi darasani. Usije katikati ya Agosti kama huna nafasi ya kulala uliyokwisha kuilipia, maana tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa Italia na wiki yote hiyo Waitaliano wako likizo.

Mwisho wa Aprili nao una uzuri wake kwa sehemu ya chini. Matufaha yanachanua, na usiku wa baridi kali wakulima hufungulia mabomba ya kunyunyizia maji juu ya miti yote. Maji yanaganda juu ya maua, na ile ganda ya barafu ndiyo inayoyakinga yasife. Ukipita saa moja asubuhi unaona shamba zima limevaa kioo, linadondoka taratibu jua likianza kulipiga. Mavuno yanaanza mwishoni mwa Agosti na kwenda hadi Oktoba.

Gawanya siku kabla ya kugawanya kilomita

Wapo wanaoshuka Reschen hadi Merano kwa siku moja. Inawezekana, sikatai, lakini utapita kila kitu kama mtu anayekimbizwa. Siku mbili zinatosha kwa mtu wa kawaida: siku ya kwanza Reschen hadi Laas au Schlanders, kiasi cha kilomita 40 hadi 48, siku ya pili hadi Merano. Mwenye siku ya tatu aende Bolzano.

Kama hujawahi kukaa kwenye siti ya baiskeli zaidi ya saa moja, au una watoto, ruka kipande cha juu kabisa na uanzie Mals. Kutoka hapo hadi Merano ni kilomita 60 na kidogo, na reli iko bondeni pamoja nawe njia yote. Hii reli ndiyo bima yako. Ilifunguliwa mwaka 1906, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wakidhani imekufa, kisha ikafufuliwa mwaka 2005. Ukichoka, mvua ikikunyeshea, goti likigoma, unatafuta stesheni ya karibu na ndani ya saa umefika mjini.

Angalizo moja: reli hii imekuwa ikiwekewa nyaya za umeme, na kipande kinapofungwa kwa ujenzi mabasi huchukua nafasi yake. Basi halimezi baiskeli kama treni. Kwa hiyo angalia ratiba ya tarehe zako kabla hujalipia chochote, halafu iangalie tena jioni ya kuamkia safari.

Baiskeli: miguu utaazima, breki huazimi

Kutoka mita 1,500 hadi 325 unashuka karibu mita 1,180. Sisi tuliokulia Moshi tunajua maana ya mteremko; tumewaona vijana wanaoshusha ndizi kutoka Marangu hadi Himo, soli ya kandambili ikifanya kazi ya breki. Huku usijaribu.

Mara ya kwanza nilikuja na baiskeli yangu ya mjini, ya mitumba, ambayo haikuwa imewahi kuona kilima kirefu kuliko daraja. Nilipotoka Reschen breki zilishika vizuri. Nilipokaribia Burgeis, mkono wa breki ukaanza kugusa hendeli. Nikasikia harufu kama ya ndala iliyotupwa motoni, halafu ile sauti ya chuma kwa chuma ambayo fundi yeyote ukimwigia anakunja uso. Nilishuka nikaikokota hadi kijijini. Raba za breki zilikuwa zimelika hadi kwenye bati.

Kwa hiyo, jioni kabla ya safari, fanya hivi. Binya breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linyanyuke, la mbele lisizunguke. Rudia kwa breki ya nyuma: gurudumu liburuzwe, lisizunguke. Mkono wa breki ukibinywa kwa nguvu zote ubaki na nafasi ya vidole viwili kabla ya kufika kwenye hendeli. Tazama raba: kama mifereji yake imefutika, badilisha zote nne kwa pamoja, usibadilishe mbili ukaacha mbili. Breki za kisahani, angalia unene wa pedi. Zikiwa nyembamba kama kadi ya benki, umechelewa. Kisha tairi: bonyeza kwa kidole gumba, lisibonyee ovyo, na upekue ubavu wote kutafuta nyufa.

Kukodi ni rahisi kuliko kubeba yako. Kwenye stesheni kadhaa za bonde, Mals na Merano zikiwemo, kuna maduka ya kukodisha ambako unachukua baiskeli juu na kuirudisha chini. Iko kadi ya Bikemobil inayounganisha baiskeli ya kukodi na usafiri wa treni na mabasi ya jimbo, nayo kwa mtu wa siku moja ni nafuu. Hata ya kukodi, ifanyie ule ukaguzi hapohapo mlangoni. Mwambie fundi akupandishie au akushushie siti: ukikaa na kisigino kikiwa kwenye pedali iliyo chini, goti linyooke. Baiskeli za umeme zipo tele, ila kumbuka ni nzito, na uzito ukishuka mlima ni breki inayolipa.

Mizigo: mabegi mawili ya kuning'iniza kwenye keria ya nyuma, usibebe mgongoni. Weka tyubu moja ya akiba ya saizi yako, viraka, pampu, vijiti vya kutolea tairi, koti la mvua, na sweta hata kama ni Julai. Glavu usizidharau, vidole vilivyokufa ganzi havibani breki. Helmeti kisheria si lazima kwa mtu mzima Italia, lakini nami sitaki kukusikia unauliza. Kinachotakiwa kisheria ni taa, na kizibao cha kung'aa ukiwa nje ya mji usiku au ndani ya handaki.

Kufika juu

Kutoka Munich, treni za masafa marefu zinazopita Innsbruck na Brenner zinakushusha Bolzano baada ya saa nne hivi. Humo baiskeli lazima iwekewe nafasi yake, tofauti na tiketi yako, na majira ya joto nafasi hizo huisha mapema. Bolzano unabadilisha kwenda Merano, Merano unabadilisha kupanda Mals. Kutoka Merano hadi Mals ni kama saa moja na dakika ishirini. Kaa upande wa kushoto, utazame njia utakayoishuka kesho.

Reli inaishia Mals. Kufika Reschen una chaguo tatu. Moja, basi la abiria, ambalo hubeba baiskeli chache sana, hivyo mkiwa wanne msilitegemee. Mbili, gari la kukodi lenye trela ya baiskeli. Watu wa nyumba za wageni wanawajua wenye magari hayo, piga simu siku moja kabla. Tatu, kupanda kwa pedali. Ni mita 450 za kupanda, na upepo wa huko juu mara nyingi unatoka kaskazini ukikupiga usoni. Mume wangu alifanya hivyo mara moja ili aseme amefanya. Amesema.

Anayetokea Austria anaweza kushuka treni Landeck, akapanda basi hadi Nauders, kisha akamalizia kwa baiskeli kilomita chache hadi Reschen. Kuna kupanda kidogo tu.

Kipande cha kwanza: Reschen hadi Glurns

Toka mapema, saa tatu asubuhi uwe ziwani. Ziwa Reschen lina urefu wa kilomita sita, na kijia kinalizunguka pande zote. Pita upande wa mashariki, upande wa kijiji cha Graun, kwa sababu hapo ndipo ulipo ule mnara wa kanisa unaochomoza majini. Watu wanaupiga picha wakiona ni kioja tu. Ziwa si la asili. Mwaka 1950 bonde lilizibwa kwa ajili ya umeme, Graun ya zamani ikazama, nyumba 163 pamoja na mashamba, na wenyeji wakahamishwa. Mnara wa karne ya 14 ukaachwa umesimama. Wifi alisimama ukingoni akauliza kama makaburi nayo yamo humo chini. Hatukupiga picha nyingi.

Mbele kuna ziwa dogo, Haidersee, na kijiji cha St. Valentin. Jaza chupa ya maji hapo. Baada yake unaanza mteremko mkubwa, na sasa sikiliza.

Usibane breki mfululizo. Hilo ndilo kosa la wageni wote, kuning'inia kwenye breki kilomita nzima hadi zinapata moto na kuacha kushika. Acha baiskeli ikimbie kwenye sehemu iliyonyooka unayoiona mwisho wake, kisha kabla ya kona bana zote mbili kwa nguvu, punguza mwendo, ziachie, uingie kona bila kubana. Sukuma makalio nyuma kidogo ya siti. Pedali ya nje ya kona iwe chini. Kila kilomita mbili tatu simama utazame mandhari, nazo breki zipoe. Hutakosa cha kutazama, maana mbele yako kumesimama mlima Ortler, mita 3,905, kichwa cheupe hata Agosti.

Uwanda huu ulioinama unaitwa Malser Haide. Ni kifusi kilichoporomoka kutoka milimani na kutandazika kama upepeo wa mkono. Angalia pembeni ya mashamba uone mifereji midogo ya maji. Wanaiita Waal, na kwa mamia ya miaka imekuwa ikichukua maji ya theluji huko juu na kuyaleta mashambani, kwa sababu bonde hili ni kavu, mvua yake ya mwaka ni haba. Zamani kila mfereji ulikuwa na mtu wake wa kuulinda na kugawa zamu za maji. Mimi niliposikia hivyo nilicheka peke yangu. Huu ni mfongo! Bibi yangu Uchaggani angeuelewa bila mkalimani, pamoja na ugomvi wa nani kafungulia maji usiku.

Burgeis ina mawe barabarani, punguza mwendo. Juu yake, ukutani mwa mlima, kuna jengo kubwa jeupe: abasia ya Marienberg, watawa wa Kibenedikto, mita 1,340. Kisha Mals, ambayo mwaka 2014 ilipiga kura ya maoni na wengi wakataka dawa za kuua wadudu zipigwe marufuku kijijini. Mahakama baadaye zilitengua, lakini mjadala haujaisha, na unakuhusu wewe mwendesha baiskeli: ukiona trekta linanyunyiza ukungu kati ya miti, simama mbali hadi limalize. Usipite katikati ukiziba pua na kola.

Glurns ni mji mdogo wenye wakazi 900 hivi, uliozungukwa na ukuta wake mzima na malango matatu. Unaingia lango moja, unatokea jingine. Kula hapa.

Kipande cha pili: Glurns hadi Schlanders

Alama zitakupa njia ya Prad. Ukifika Prad utaona pia kibao cha Stelvio. Hiyo ni barabara ya kona 48 hadi mita 2,757, imejaa pikipiki na magari, na ina watu wake. Wewe fuata mto.

Kutoka hapo njia ni tulivu, kivuli kingi, mto mkono mmoja na miti mkono wa pili. Baadhi ya sehemu ni changarawe iliyoshindiliwa, hivyo usikate kona kwa kasi. Laas utaijua kwa vibaraza vyake vya marumaru nyeupe. Watu wanakanyaga kitu ambacho kwingine huwekwa altareni. Maelfu kwa maelfu ya misalaba ya makaburi ya wanajeshi wa Marekani waliokufa katika Vita vya Pili ilichongwa kwa jiwe la hapa. Ukipita Julai na Agosti kuna aprikoti za Laas. Nunua kilo nzima.

Kulala, napendelea Laas kwa utulivu, Schlanders kwa maduka. Nyumba nyingi za wageni zina chumba cha kufungia baiskeli, ila uliza unapoweka nafasi. Uliza pia kama watakupa kadi ya mgeni ya jimbo, kwa sababu wenye nyumba wengi huitoa bure na inakuruhusu kupanda treni na mabasi. Baiskeli ndiyo inayolipiwa.

Kipande cha tatu: Schlanders hadi Merano

Sasa umeingia kwenye matufaha. Ni kilomita baada ya kilomita, miti mifupi iliyopangwa mistari kama chai ya Lushoto, matunda usawa wa bega. Usichume. Ni shamba la mtu, na wenyewe wanaona. Pembeni ya njia kuna vibanda visivyo na muuzaji, kikapu cha matufaha na kikopo cha sarafu. Weka hela, chukua, endelea. Beba sarafu. Na jihadhari na mabomba ya kumwagilia, yanazunguka na kurusha maji hadi njiani. Utafikiri umeyapigia hesabu. Hujayapigia.

Kipande hiki ni rahisi na ndicho chenye watu wengi. Piga kengele ukiwa mbali, si ukiwa mgongoni mwa mtu, kisha pita kushoto kwake. Wasalimie, kijijini "Grüß Gott" au "hallo" inatosha, na asiyesalimu anaonekana. Kona za karibu na vijiji zina watoto na mbwa.

Unapita Latsch, kisha Kastelbell ambapo ngome imesimama juu ya mwamba karibu kabisa na njia. Kabla ya Naturns, mkono wa kushoto, linafunguka bonde la Schnals. Huko juu ndiko alikookotwa mwaka 1991 yule mtu wa barafuni, Ötzi, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Rabland nako, mwaka 1552, kulifukuliwa jiwe la maili la barabara ya Kirumi, Via Claudia Augusta. Barabara hiyo ilipita bonde hilihili, na ndiyo maana utaona jina hilo kwenye vibao vya baiskeli.

Töll ndipo pa mwisho pa kuwa macho. Bonde linadondoka ghafla, na njia inashuka kwa kona kali za kujikunja hadi Algund. Wengi wamechoka, wamezoea tambarare, mawazo yako kwenye aiskrimu ya Merano. Kona zimejikunja kama pini ya nywele na wanaopanda wanakuja mbele yako. Shuka kwa mwendo wa kutembea. Kama una mtoto, shuka kwa miguu. Kiwanda cha bia cha Forst ukikiona, mteremko umekwisha.

Merano hadi Bolzano, kama lazima

Nitasema kweli: kipande hiki si kizuri. Ni tuta la mto, limenyooka, kivuli ni haba, na barabara kuu ya magari inanguruma upande wa pili. Halafu kuna upepo. Siku za jua, mchana, unapanda kutoka kusini, kutoka upande wa Ziwa Garda, na unakupiga kifuani kilomita zote 30. Ukiwa Merano saa nne asubuhi, nenda. Ukiwa Merano saa nane mchana, panda treni.

Ukienda, kaa macho chini ya ngome ya Sigmundskron, kwa sababu hapo njia zinagawanyika. Nyoosha kusini utajikuta unaelekea Trento. Ya Bolzano inakata kushoto, inavuka maji, na kukuingiza mjini kwa kando ya mto hadi karibu na jumba la makumbusho alikowekwa Ötzi.

Chakula na maji

Mkahawa wa kijijini hupika saa sita hadi saa nane mchana, baada ya hapo utapata keki na kahawa tu. Jumapili maduka madogo hufungwa. Chakula cha huku ni Knödel, madonge ya mkate yaliyochemshwa. Ya kawaida yana Speck, ambayo ni nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na Speck hujificha hata kwenye supu na saladi. Asiyekula aseme mapema: "ohne Speck, bitte". Madonge ya spinachi au ya jibini yanashibisha sawasawa, lakini uliza hata hapo. Wifi aliishia kuyapenda, akasema yamekosa pilipili tu. Alikuwa nayo kwenye mkoba.

Maji ya chemchemi za vijijini yananywewa, ila soma kibao: "kein Trinkwasser" au "acqua non potabile" maana yake usinywe. Kwa ajali au ugonjwa, namba ni 112.

Kurudi

Treni za jioni kutoka Merano, hasa Jumapili, zinajaa baiskeli na kondakta ana haki ya kukuacha stesheni. Lenga ya kabla ya saa tisa alasiri. Ukikosa nafasi ya baiskeli kwenye treni ya moja kwa moja kwenda Munich, usikate tamaa: panda treni ya jimbo hadi Brenner, vuka jukwaa, chukua treni ya Kiaustria hadi Innsbruck, halafu endelea kwa treni ndogondogo. Inachelewesha, lakini hizo hazitaki uweke nafasi ya baiskeli siku kumi kabla. Ondoa mabegi kwenye keria kabla treni haijafika, ninyi wawili mmoja apande kwanza apokee, na baiskeli ziingie gurudumu la mbele likiwa juu.